Kisoda Haamkii Maiti

"Mwambie aamkie tena," alisema Daktari Kokuhirwa.

"Amechoka, daktari."

"Mara moja tu, Fundi. Naomba."

Fundi Masalu alipiga goti mbele ya meza ya matibabu, akaweka kiganja kifuani kama alivyowazoesha mbwa wote wa kituo, akaita kwa upole, "Pilipili, shikamoo!" Mbwa aliyekuwa juu ya meza hakuzidi ukubwa wa paka aliyelishwa vizuri, ila uso ulikuwa wa mbwa wa polisi hasa, na masikio yamesimama. Alimtazama bwana wake. Alianza kuinamisha kichwa, akafika nusu, akatoa kilio chembamba na kugeukia ukutani. Miguu ya nyuma ilikuwa ikitetemeka.

"Ananiaibisha," alisema Masalu, na kweli alikuwa na haya ya mzazi ambaye mtoto wake amewapita wageni bila salamu. "Siku hizi kaingiwa na kiburi huyu."

"Si kiburi. Njoo uone."

Daktari Koku alimvuta hadi kwenye kioo kilichokuwa na picha ya mifupa aliyoipiga asubuhi ile. "Huu ni mfupa wa kwanza wa shingo, uko kama pete. Huu wa pili una kijino kinachosimama ndani ya pete, mithili ya mchi ndani ya kinu. Ndicho kinachozuia shingo isiteleze. Sasa angalia cha Pilipili."

Masalu alisogeza macho. "Kimekatika?"

"Hakikuwahi kuungana. Visoda hawana homoni ya ukuaji, ndiyo maana wanabaki wadogo. Lakini homoni ile hairefushi miguu tu, Fundi, ndiyo inayoimalizia mifupa kazi yake. Kijino hiki kinaelea. Akiinamisha kichwa, kinarudi nyuma na kubana mshipa mkuu wa fahamu, huu unaoteremka kutoka kwenye ubongo. Unamwambia aamkie, naye anajichoma mwenyewe."

Visoda ni jina walilopewa na wachimbaji wa Kilima cha Nyasolo, kwa udogo wao. Taasisi iliyowatengeneza ilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyelitumia. Nayo haikubuni kitu kipya. Tangu zamani kulikuwa na ugonjwa wa kurithi katika mbwa wa polisi: watoto wote wa uzao mmoja wanakua, mmoja anabaki vilevile, kwa sababu tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wake haifanyi kazi. Wafugaji walikuwa wakiona aibu na kumficha. Taasisi ikamwona mgonjwa yule, ikaona pua ya mbwa mkubwa ndani ya mwili unaopenya kwenye tundu la panya. Wakaufungia ugonjwa ndani ya mbegu ili kila mtoto azaliwe nao, wakapigiana makofi. Habari ya shingo hakuna aliyeiuliza. Mbwa alitakiwa apenye, na alikuwa anapenya.

Haja yenyewe ilikuwapo, hakuna wa kubisha. Duara, yaani shimo la machimbo, likititia, mashine za kamera hukwama kwenye tope, na mawimbi ya simu hayapiti kwenye mwamba wenye madini. Kubweka nako kunaweza kuangusha dari lililobaki. Kwa hiyo kisoda alivalishwa kola iliyohisi mambo mawili, mapigo ya moyo shingoni na shingo yenyewe kuinama, kisha ikatuma wimbi zito, la polepole, chini kwa chini hadi juu. Kola ilifungwa kiwandani na kutiwa lakiri, maana zamani ndugu wa waliofukiwa walikuwa wakizitikisa kwa mkono ili uchimbaji usisimamishwe.

Kuinama lilikuwa wazo la Masalu. Alilelewa katika nyumba ambayo mtoto aliyempita mkubwa bila kuinama hakuonja chakula cha jioni, basi akawafundisha mbwa kumwamkia mtu aliye hai wanapomkuta gizani, mara moja, kisha warudi. Wachimbaji waliupenda mtindo huo mno. Waliookolewa walisimulia jinsi walivyolia wakimwitikia mbwa "marahaba" chini ya ardhi. Ukazaliwa msemo, kisoda haamkii maiti. Msemo ukawa kanuni, kwamba mbwa akitoka bila kuamkia, duara linafungwa, na ndugu wanatandika mikeka.

"Jana ni Pilipili aliyeingia Duara la Saba," alisema Koku.

"Ndiye."

"Akatoka bila kuamkia."

Masalu alikuwa anamtazama mbwa.

"Na kabla ya hapo aliingia wapi, Fundi?"

"Mwarobaini," alisema Masalu. Duara la Mwarobaini lilishafungwa kwa zege, na juu yake watu walishapanda maua. Alikaa chini sakafuni, pale pale, na Koku akamruka akatoka mbio.

*

Nje ya hema la Kamanda Lutufyo, mkuu wa uokoaji, pampu ya zege la povu ilikuwa imeshawashwa, mpira wake mnene umelala kuelekea mdomoni mwa Duara la Saba. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa. Mvua ikinyesha juu ya shimo tupu, kilima kingeweza kushuka chote na nyumba zilizo chini yake, na hilo Koku alilijua kama kila mtu alivyolijua. Ndani ya duara kulikuwa na mchimbaji Shija na wenzake wawili, waliofukiwa.

"Kamanda, zima pampu."

"Karibu, daktari. Umekuja kwa habari za mbwa au za watu?"

"Ni habari moja. Pilipili hakunyamaza kwa sababu wamekufa. Amenyamaza kwa sababu kuinama kunamuuma. Shingo yake ni mbovu, na za wenzake ni mbovu. Ninayo picha."

"Nani kakwambia kwamba ndiyo sababu? Mbwa?"

Vijana wa pampu wakacheka. Koku aliwaonyesha picha, akaeleza pete na kijino, akaeleza homoni. Alipojisikia akirudia maneno yale yale kwa mara ya pili, polepole zaidi, kama mtu anayemfundisha mtoto, akajichukia na kuwachukia wao. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe kavaa kofia ya chuma.

"Mwezi uliopita niliwaandikia Taasisi," alisema. "Niliona wawili wanachechemea. Mpaka leo nikipiga simu, mashine inaniambia ombi langu linashughulikiwa."

"Basi lisubiri lishughulikiwe. Mimi nina kilima hapa."

"Kamanda, tangu lini Pilipili anaumwa, sijui. Pengine tangu Mwarobaini."

Hapo kicheko kikakoma. Lutufyo alimshika mkono, akamvuta ndani ya hema, akashusha turubai la mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya amri, lakini sasa alisema kwa chini sana.

"Unajua unaniambia nini? Mwarobaini nililifunga mimi. Niliwashika wazazi wa wale vijana mikono, nikawaambia watoto wao wamepumzika. Leo unasimama hapa unaniambia niliwamwagia zege wakiwa hai?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, nyamaza!"

Koku alinyamaza kweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza alielewa kilichokuwa kikimzuia. Haikuwa ujinga. Mtu yule alikuwa ameelewa picha tangu mwanzo, akaikataa kwa sababu ya bei yake. Hilo lilimkasirisha zaidi kuliko kama angekuwa mjinga, na papo hapo akamwonea huruma, na vitu hivyo viwili havikukaa vizuri kifuani.

Turubai likafunuliwa bila hodi. Aliyeingia ni Nyamizi, mke wa Shija, khanga imefungwa kiunoni kwa fundo la msibani, masikio matupu.

"Nisamehe, Kamanda. Nimesikia huko nje," alisema. "Toka jana wamenikalisha mkekani, wamenivua hereni. Nimelia mpaka sauti imekwisha. Sasa nasikia kumbe mbwa alikuwa anaumwa. Naomba mniambie moja tu, nilie au ninyamaze?"

Pampu ilikuwa ikinguruma nje.

"Leteni mbwa mwingine," Lutufyo alisema hatimaye, akiangalia pembeni. "Akiamkia, nazima pampu na tunachimba. Asipoamkia, nafunga kabla ya mvua, na wewe daktari sitaki kukusikia tena."

*

Mbwa mwingine alikuwa mmoja tu, Karanga. Wenzake walikuwa wamepelekwa kwenye machimbo mengine, na Pilipili hakuweza tena kusimama sawasawa. Karanga alikuwa ametoka mafunzoni juzijuzi, na bado aliwaamkia watu wote kwa fujo, hata ndoo. Koku alimpiga picha, akakaa akiitazama. Pilipili alikuwa na kijino kinachoelea. Karanga hakuwa nacho kabisa.

"Mbona huyu anainama bila kulia?" aliuliza Masalu.

"Bado misuli ya shingo inamshikilia. Siku ikichoka, au akiinamishwa kwa nguvu, atalala palepale asiamke."

Alitengeneza gango la plastiki laini, akamfunga shingoni hadi kidevuni. Mbwa akaonekana kama bwana mkubwa aliyekazwa ukosi. Kwa gango lile angeweza kutambaa hadi chini bila hatari. Lakini shingo isipoinama, kola ingebaki bubu, na Kamanda angefunga.

"Tuitoe kola, tuifunge mgongoni," alisema Masalu. "Waliomo waikunje wenyewe."

"Isipopata mapigo ya shingo haitumi. Unazijua lakiri zao."

"Basi asiporudi tutajua amekaa na walio hai. Watoto wa mbwa kabla sijawafundisha ndivyo wanavyofanya, wanampata mtu wanalala pembeni yake."

"Kamanda atasema amekwama. Na huenda akawa amekwama kweli."

Masalu alipiga ngumi ukutani, akaisugua. Koku alipiga simu Taasisi kwa mara nyingine, si kwa matumaini, kwa hasira tu. Mashine ikamsikiliza kwa adabu na kumwambia ombi lake linashughulikiwa.

Wakaenda mdomoni mwa Duara la Saba. Watu waliokuwa msibani walikuwa wamesogea hapo, wamesimama kimya. Nyamizi alikuja akachuchumaa kando ya mbwa, asimguse.

"Akienda hivi alivyofungwa, mtajua kama wapo hai?"

"Hapana, dada."

"Na ukimfungua?"

"Akiinama anaweza kufa."

Nyamizi alimtazama mbwa kwa muda. Karanga alikuwa anajaribu kumwamkia, gango linamzuia, mkia unafanya kazi peke yake.

"Sitakuambia ufanye nini," alisema. "Ukinisikiliza mimi utawapeleka mbwa wote wa dunia hii na wa jirani. Mimi nataka mume wangu. Wewe ndiye unayeijua hiyo shingo."

Koku alitamani amlazimishe. Alitamani apige magoti, alie, amshike nguo, ili baadaye aweze kusema nililazimishwa. Aliapa kazini kwamba hatamdhuru mnyama aliye mikononi mwake, na hakuna mahali kwenye kiapo kile palipoandikwa duara, wala zege, wala mwanamke aliyevuliwa hereni. Aliwachukia walioichukua kasoro ya mbwa wakaifanya kazi, na leo wamekaa kwenye viyoyozi, na yeye ndiye aliyeachiwa achague. Tone la kwanza la mvua lilimdondokea mkononi. Akafungua gango.

"Jikaze kidogo, mwanangu," alisema Masalu, akimsukuma mbwa mgongoni. "Nenda. Nenda kawaamkie."

Karanga akaingia, akapotea.

Kioo cha mawimbi kilikuwa juu ya pipa, na mstari wake ulikuwa umenyooka. Vijana wa pampu walikuwa wameshika mpira tayari. Lutufyo alisimama na mikono nyuma. Mvua ilikuwa inajifikiria. Kisha mstari ukatikisika, kinundu kidogo tu, ukatulia.

"Hicho!" Masalu aliruka. "Ameamkia!"

"Hiyo si salamu, hata nusu haifiki," alisema Lutufyo. "Amejikwaa."

"Ameinama akaishia njiani! Ni kama Pilipili alivyofanya mezani!"

"Fundi, mimi sifungui kilima kwa kinundu."

Alinyanyua mkono kuwaashiria vijana wa pampu. Hapo mstari ukapanda, mpana, mzito, mrefu, salamu kamili ambayo hata mtoto angeisoma. Ukashuka. Ukapanda tena. Ukashuka, ukapanda.

"Zima!" alifoka Lutufyo. "Zima hiyo pampu! Leteni mashine za kuchimba!"

Vigelegele vikalipuka. Wanawake waliokuja kulia walikuwa wakirukaruka kwenye tope, mmoja akamvisha Nyamizi hereni zake. "Huyo mbwa leo anakula maini!" kijana mmoja wa pampu alipiga kelele. Lutufyo peke yake hakushangilia. Alitoa amri zote zilizotakiwa, moja baada ya nyingine, bila kosa, kisha akageuka akatazama ng'ambo ya kilima, yalikokuwa yale maua ya Mwarobaini.

Masalu alikuwa amemkumbatia Koku, anacheka, anamtikisa. Halafu akaacha kucheka. Mstari kwenye kioo ulikuwa unaendelea, sawasawa, kama mtu anayetwanga.

"Daktari," alisema. "Mbwa wangu huamkia mara moja."

"Najua."

"Mara moja, halafu anarudi. Ndivyo nilivyomfundisha. Huyu mbona..."

"Si yeye anayeinama, Fundi. Anainamishwa."

Alisogea mdomoni mwa duara, akainua mikono mdomoni ili apige kelele inatosha, mwacheni, tumesikia. Masalu akamziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu dari lilikuwa bovu na watu watatu walikuwa chini yake. Koku alisimama hivyo, mdomo umezibwa, akitazama kioo. Mstari ulipanda. Ukapanda tena, mdogo zaidi. Kisha mapigo yakakosekana, na kola ikanyamaza.

*

Waliwatoa jioni, mvua ikiwa imeshashika kasi na kuta zimekazwa kwa magogo. Wa kwanza alikuwa kavunjika mguu, wa pili alikuwa haongei. Shija alitoka mwisho, mweusi kwa tope kuanzia utosini, anakunja macho kwa mwanga, na kitu kimetuna ndani ya shati lake. Nyamizi alimshika shingoni akamng'ang'ania, wala hakulia, machozi alishayamaliza mkekani.

"Daktari wa mbwa yuko wapi?" aliuliza Shija.

"Ni mimi."

"Mbwa wako ana haya sana, daktari." Alikuwa anacheka na kutetemeka kwa pamoja. "Yule wa kwanza alikuja akatunusa, akaondoka. Hakutuamkia. Ah, tukajua tumekwisha. Mwenzangu akaanza kujisalia mwenyewe. Mimi najigusa, najiuliza, kumbe maiti nayo huwa inasikia njaa? Basi alipokuja huyu mdogo, akainama kidogo akaacha, nikasema hapana! Wewe hutoki hapa bila shikamoo. Nikamshika kichwa nikamwinamisha mwenyewe. Namwitikia marahaba, namwinamisha tena. Nilikuwa naogopa msisikie. Mpaka mwenyewe akapitiwa na usingizi."

Alifungua vifungo vya shati kwa uangalifu. "Nimempa joto njia nzima. Mwamshe basi, nimshukuru."

Koku alimpokea Karanga kwa mikono miwili, akaweka kiganja chini ya kichwa, kama anavyobebwa mtoto mchanga, ijapokuwa hakukuwa tena na haja. Kutwa nzima alikuwa amewapigia watu kelele kuhusu shingo ile, na hakuna aliyetaka kumsikia. Sasa alikuwa amepatikana mtu wa kumwamini papo hapo, bila picha wala maelezo. Kesho angeenda mbele ya Taasisi, na mbele ya Kamanda, na pengine mbele ya wazazi wa Mwarobaini, na huko hangemsaza mtu. Nyuma ya bega la Shija, Nyamizi alikuwa anamtazama usoni. Alikuwa ameshaelewa. Alitikisa kichwa polepole, akimwomba.

"Mwache alale kwanza," alisema Koku. "Amefanya kazi kubwa leo."

"Kweli kabisa," alisema Shija. "Basi akiamka mwambieni nitakuja kumwona." Na akaomba maji.